Dozi ya nyongeza kwa kijana: kwa nini nyingine hudumu na nyingine huchuja

Kijana wa Mtwara aliyechanjwa UVIKO-19 mwaka 2021, akaongeza dozi nyingine mwaka uliofuata, kisha akapimwa na kukutwa na ugonjwa ule ule miezi mitano baadaye, ana haki ya kuuliza sindano ile ilimsaidia nini. Mwenzake aliyemaliza dozi tatu za homa ya ini B kabla ya kuanza mafunzo ya uuguzi wodini hajaambiwa aongeze chochote, na huenda asiambiwe maisha yake yote. Wote ni vijana, wote wazima, wote wamechanjwa dhidi ya virusi. Kinachowatofautisha ni kirusi chenyewe: kinaingilia mlango gani, na kinakwenda mwendo gani.

Ukilishika hilo, mambo mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu busta, yaani dozi ya nyongeza, kwa ubaya na kwa uzuri, yanajipanga yenyewe.

Mlinzi wa getini na mgambo wa kijiji

Sindano ya chanjo ikishaingia begani, mwili hujiwekea akiba za aina mbili. Ya kwanza ni kingamwili zinazozunguka kwenye damu. Hizi ni kama mlinzi aliyekaa getini: kirusi kikitokea, zinakinasa hapo hapo kabla hakijaingia kwenye seli. Ya pili ni seli za kumbukumbu, ambazo ni kama mgambo wa kijiji. Wanajua kazi, lakini wako majumbani. Lazima filimbi ilie, waamke, wavae, wafike. Kuamka huko huchukua siku tatu hadi tano au zaidi kabla nguvu yao haijaonekana.

Walinzi wa getini hawakai kwa wingi ule ule. Kingamwili ya kawaida ya damuni hupungua kwa nusu katika wiki tatu hivi, na kinachobaki hutegemea seli chache zinazojificha kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutengeneza mpya. Kwa hiyo baada ya dozi yoyote, kiwango hupanda kwa kasi, hufika kileleni wiki mbili hadi nne, kisha hushuka. Dozi ya nyongeza hufanya mambo mawili: inajaza walinzi upya, na inawaongezea mgambo mafunzo. La kwanza ni la miezi. La pili hukaa zaidi.

Sasa tazama mwendo wa kirusi. Omicron, aina ya kirusi cha UVIKO-19 iliyotambuliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, humwonyesha mtu dalili kwa wastani wa siku tatu tu tangu aambukizwe. Tena hutua puani na kooni, kwenye utando ambao sindano ya begani haiupelekei kingamwili nyingi. Mlinzi yuko barabara kuu, mwizi kapitia uani. Mgambo wanapofika, pua imeshaziba, kipimo kinasoma chanya, na kijana ameshamkoholea bibi yake. Lakini wamefika kabla mapafu hayajavamiwa, na ndiyo maana chanjo ile ile iliyoshindwa kuzuia mafua humwokoa mtu asilazwe kwenye oksijeni.

Kirusi cha homa ya ini B hakina haraka hiyo. Hukaa siku 60 hadi 150 kabla ya dalili, wastani wa siku 90 hivi. Hata kama kingamwili za aliyechanjwa zimeshuka mpaka kipimo hakizioni, mgambo wana muda wa kumaliza kula na bado wakawahi. Surua nayo huchukua siku 10 hadi 14, na lazima ipite kwenye damu kabla ya kuenea mwilini.

Mwendo peke yake haumalizi hoja. Njia nayo ina uzito. Mfano mzuri umetoka huku huku. Chikungunya, ugonjwa wa kirusi kinachoenezwa na mbu, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha kukunjika au kupinda kwa maumivu ya viungo. Kirusi hicho ni cha haraka, dalili huja ndani ya siku tatu hadi saba. Lakini mbu hukiingiza karibu na damu, na kwa damu ndiyo hukifikia kiungo, mahali ambapo kingamwili zimejaa. Ndiyo maana aliyeugua mara moja kwa kawaida haugui tena. (Chanjo yake ya kwanza, ya dozi moja, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, kisha leseni yake ikasimamishwa huko Agosti 2025 kwa sababu ya taarifa za madhara makubwa. Wamakonde, wenye jina, bado wanasubiri.)

Asilimia inayosomwa vibaya

Ukisikia busta ina ufanisi wa asilimia 60 dhidi ya maambukizi, wengi huelewa kwamba kati ya watu 100 waliochomwa, 40 wataumwa. Sivyo.

Chukua hesabu ya mfano. Ghala la korosho Tandahimba, msimu wa minada, lina vibarua vijana 200. Mia moja wameongeza dozi, mia moja hawakuongeza. Wimbi la ugonjwa linapita kwa wiki sita. Wasioongeza wanaugua 20, walioongeza wanaugua 8. Gawanya 8 kwa 20, unapata 0.4, toa kwenye 1, inabaki 0.6. Hiyo ndiyo asilimia 60. Maana yake ni kwamba hatari imepunguzwa kwa kiasi hicho ukilinganisha na kundi jingine, ndani ya wiki hizo sita. Waliookolewa ni 12 katika kila 100. Wimbi likiwa dogo, wakaugua 5 upande mmoja na 2 upande wa pili, ufanisi ni ule ule asilimia 60, ila waliookolewa ni watatu tu. Mtu anayetaja asilimia bila kutaja wimbi lilikuwa kubwa kiasi gani amekupa nusu ya habari.

Nusu nyingine ni kujua walilinganishwa na nani. Hapa ndipo hata waandishi wa habari huteleza.

Uingereza, Omicron ilipoingia, watafiti walilinganisha watu wazima waliochanjwa na ambao hawakuchanjwa kabisa. Dozi mbili za Pfizer zilizuia ugonjwa wenye dalili kwa asilimia 65.5 katika wiki ya pili hadi ya nne; kuanzia wiki ya 25 ilibaki asilimia 8.8, yaani karibu na hakuna. Dozi ya tatu ikapandisha ufanisi hadi 67.2, kisha kuanzia wiki ya kumi ukawa umeshuka hadi 45.7. Takwimu hizo zilichapishwa 2022 na ndizo zinazomweleza vizuri kijana wetu wa mwanzo: aliongeza, akalindwa kwa msimu mmoja, ulinzi wa puani ukachuja.

Israel walifanya jambo jingine. Waliwapa wahudumu wa afya dozi ya nne na kuwalinganisha na wenzao wenye dozi tatu. Dhidi ya maambukizi ya aina yoyote, Pfizer ilipata asilimia 30 na Moderna 11. Ukiziweka 67 na 30 kwenye mstari mmoja utadhani dozi ya nne ni mbovu kuliko ya tatu. Hazilinganishwi. Ya kwanza inapima umbali kutoka sifuri, ya pili inapima nyongeza juu ya watu ambao tayari wana kinga. Hata hivyo ujumbe wake hauna utata: kwa mtu mzima mwenye afya, kurundika dozi za chanjo ile ile kulizuia maambukizi kidogo sana.

Utafiti unaopendeza zaidi kwa swali la vijana haukuhusu UVIKO-19. Mwaka 2015 na 2016 matumbwitumbwi yaliwapata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ingawa karibu wote walikuwa na dozi mbili tangu utotoni. Chuo kikatoa dozi ya tatu katikati ya mlipuko. Waliokuwa na tatu waliugua 6.7 katika kila 1,000. Wenye mbili waliugua 14.5. Ukigawanya moja kwa moja unapata punguzo la asilimia 54 hivi, lakini watafiti walipozingatia muda, ufanisi siku 28 baada ya sindano ulikuwa asilimia 78.1. Tofauti inatoka wapi? Matumbwitumbwi hukaa mwilini siku 12 hadi 25 kabla ya kuonekana. Baadhi ya waliopanga foleni kuchomwa walikuwa tayari wamebeba kirusi, na mwili nao unahitaji muda kujibu. Waliopata dozi ya pili miaka 13 au zaidi kabla ya mlipuko walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko waliopata karibuni, jambo linalothibitisha kwamba kinga ilikuwa imechuja kweli. Kwetu chanjo ya watoto ni ya surua na rubela, haina matumbwitumbwi, kwa hiyo kijana wa Lindi asitafute dozi ya tatu ya kitu ambacho hakupata ya kwanza.

Na kwa kuwa tumetaja surua: dozi ya pili ya mtoto, ile ya miezi 18, watu huiita ya kuongeza nguvu. Si hivyo. Katika miezi tisa, kingamwili alizorithi kwa mama huweza kuifuta chanjo kabla haijafanya kazi, na watoto wapatao 15 katika 100 hubaki bila kinga. Dozi ya pili huwakamata hao.

Homa ya ini B: dozi tatu, si nne

Kwa kijana wa kusini hii ndiyo chanjo yenye faida ya wazi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na maelezo mabaya. Tanzania iliiingiza kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kliniki, labda awe ameitafuta ukubwani.

Anza na kipimo cha damu. Kama kirusi tayari kipo, chanjo haitakitoa. Mtu huyo anahitaji kufuatiliwa ini lake, na kumchoma dozi tatu ni kumpa matumaini hewa. Kama kipimo ni hasi, ratiba ni leo, mwezi wa kwanza, na mwezi wa sita. Dozi ya tatu isije kabla ya wiki nane tangu ya pili, wala kabla ya wiki 16 tangu ya kwanza. Nafasi hiyo ndefu ina kazi: katikati yake mwili huchuja seli zake na kubakiza zile zinazoshika kirusi barabara. Ukiwahisha, unaongeza walinzi na kuwanyima mgambo mafunzo. Zaidi ya vijana 90 katika 100 walio chini ya miaka 40 na wenye afya hujibu vizuri.

Kosa linalojirudia ni hili. Mtu amemaliza dozi miaka minane iliyopita, anapima kiwango cha kingamwili, majibu yanakuja chini ya uniti 10 (mIU/mL), anaambiwa chanjo imekwisha aanze upya. Kipimo hicho kina maana kikichukuliwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Hapo 10 au zaidi inathibitisha kwamba mwili ulijibu. Miaka baadaye namba hushuka kwa kila mtu na mgambo wanabaki. Kwa mwenye afya ambaye alijibu, dozi ya nyongeza haihitajiki. Wanaostahili kufuatiliwa kwa karibu ni wanaosafishwa damu kwa mashine ya figo na wale ambao kinga ya mwili imedhoofika.

Kichaa cha mbwa, ambapo nyongeza hufanya kazi baada ya tukio

Kirusi hiki hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Ndiyo chanjo ambayo unaweza kuipata baada ya kuumwa na ikakuwahi. Kwanza osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Tazama saa, kwa sababu dakika mbili huonekana nyingi mtu akiwa na maumivu. Ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa mfululizo wa siku ya 0, ya 3 na ya 7, na pengine dozi nyingine baadaye kulingana na kama anachomwa kwenye ngozi au kwenye msuli. Jeraha la kuchanika au linalotoka damu huongezewa kingamwili zilizotengenezwa tayari, zinazoingizwa penye jeraha.

Aliyewahi kumaliza mfululizo huo akiumwa tena hurudi siku ya 0 na ya 3 tu, na zile kingamwili za gharama hazihitaji, kwa sababu mgambo wake wanaitika upesi. Ila lazima athibitishe. Kijana wa Nachingwea aliyepoteza kadi huanza mwanzo kama vile hakuwahi kuchanjwa. Na wapo wanaoacha baada ya dozi ya pili kwa kuwa kidonda kimekauka. Kidonda na kirusi ni vitu viwili. Ngozi inaweza kufunga wakati kirusi bado kiko njiani.

Chanjo iliyoharibika kabla ya kufika begani

Ufanisi wote huo unadhani chanjo imefika ikiwa hai. Safari ya kutoka jokofu la wilaya hadi zahanati ya ndani Liwale wakati wa mvua ni mtihani. Watu huogopa joto; kwa chanjo ya homa ya ini B na ile ya saratani ya mlango wa kizazi, hatari inayosahaulika ni baridi kupita kiasi. Zote hutakiwa nyuzi 2 hadi 8, na zikiganda, chembechembe za aluminiamu zilizomo hushikana na chanjo inakufa. Kuyeyusha hakuifufui.

Mahali pa kuangalia ni pakiti za barafu kwenye kibebeo. Zikitolewa kwenye friza na kupangwa moja kwa moja, zinaganda vichupa vinavyozigusa. Huachwa nje kwanza mpaka zitokwe jasho, kisha muuguzi huitikisa moja karibu na sikio: akisikia maji yakicheza ndani, ndipo anazipanga. Kwenye kichupa chenyewe kuna duara la rangi lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapigwa na joto la kuiua. Ukifanana na duara au kuzidi weusi, inatupwa. Lakini kialama hicho husoma joto pekee. Chanjo iliyoganda jana itaonyesha mraba mweupe pe. Ikishukiwa kuganda, hutikiswa sambamba na kichupa kingine kilichogandishwa makusudi, na kinachotua haraka na kuacha mashapo chini hakitumiki.

Basi nani aongeze nini

Kuhusu UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilipanga upya vipaumbele Machi 2023. Kijana mwenye afya akishapata dozi za msingi na nyongeza ya kwanza, halikupendekeza aendelee kuchomwa kila mara. Waliobaki kwenye orodha ya nyongeza za miezi 6 au 12 walikuwa wazee, wenye magonjwa sugu makubwa, wenye kinga dhaifu wakiwemo wanaoishi na VVU, na wahudumu wa afya wa mstari wa mbele. Mjamzito hupewa ikiwa imepita miezi sita tangu dozi ya mwisho. Umri mdogo haumtoi mtu humo. Binti wa miaka 24 wa Kilwa aliye mjamzito yuko kundi la juu. Kaka yake mwenye afya hayupo.

Maudhi ya kawaida ni bega kuuma na homa ya siku moja au mbili. Kwa wavulana na vijana wa kiume, chanjo za Pfizer na Moderna zina hatari ndogo ya kuvimba kwa misuli ya moyo, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza na zaidi baada ya dozi ya pili. Kifua kikiuma, pumzi zikikatika au moyo ukidunda ovyo siku hizo, ni hospitali, si duka la dawa. Wengi hupona, lakini hii ni sababu moja ya kutomrundikia kijana mzima dozi ambazo zitamkinga pua kwa miezi michache tu.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi imekwenda kinyume kabisa na mtindo wa kuongeza. Kenya, jaribio la wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 lilikuta dozi moja ikizuia maambukizi sugu ya aina mbili hatari zaidi za HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, kwa asilimia 97.5 ndani ya miezi 18, na Tanzania mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, ndiyo maana hutolewa mapema.

Homa ya manjano nayo ni dozi moja ya maisha. Tangu Julai 2016 cheti chake hakikomi tena baada ya miaka kumi, hata kama kiliandikwa hivyo zamani. Kijana anayevuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja akiwa na kadi ya mwaka 2012 haanzi upya. Anayechomwa kwa mara ya kwanza ahesabu siku kumi kabla ya safari, kwa sababu cheti hakihesabiki kabla ya hapo. Na aliyeishia dozi mbili za homa ya ini B miaka mitatu iliyopita, akaambiwa arudie zote, arudi na kadi yake: anadaiwa moja tu.